Mpira Uliosogea Upana wa Kidole

9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama alinifundisha kwamba barua kwa mkubwa haianzi bila shikamoo, kwa hiyo naiweka hapo, uichukue. Natumaini mgongo wako umepoa, na ule mfereji wa maji ya mvua juu ya mlango wako umeshapata fundi, maana mara ya mwisho ulikuwa unammwagia kila anayekuja kukuona. Mimi ni mzima. Nimepanga chumba nyuma ya duka la miwani ninakofanya kazi. Dirisha ni moja, linatazama ukuta wa jirani, na asubuhi nasikia mashine ya kusaga vioo kabla sijafumbua macho. Mwenye duka ni mama mpole, amenikabidhi funguo zote. Habari za gofu za huko kwetu sijamwambia.

Nimekupigia simu mara nyingi, unaizima. Ukamtuma mtu aniambie kwamba nikiwa na neno niliandike, kwa sababu wewe ni mtu wa mahakama na maneno ya mdomoni hayana saini. Haya, nimeandika.

Huku kuna klabu ndogo ya gofu, mashimo tisa tu, wanatafuta mwalimu wa watoto. Wamenijaribu siku mbili na wamenipenda. Wanataka kitu kimoja: barua kutoka klabu yetu kwamba sina doa. Mwisho wa kuipokea ni tarehe thelathini Aprili. Nilimwandikia katibu, akanijibu kwa mistari miwili kwamba nimefungiwa mwaka mzima kwa udanganyifu, na kwamba neno la mchezaji mwenzangu aliyeandika kadi yangu ya mapigo ndilo lililonifunga. Mwandishi wa kadi yangu ni wewe.

Ngoja nikukumbushe, maana huenda siku hizi unasimulia vingine. Oktoba, siku ya kombe, shimo la kumi na nne. Mpira wangu uko kwenye zile nyasi fupi, hatua mbili kutoka shimoni. Nikainama niweke sarafu ya alama nyuma yake, ncha ya kiatu ikaugusa, ukasogea upana wa kidole. Nikakwambia, "Mjomba, umesogea." Mimi mwenyewe nilisema, wewe ulikuwa unafuta miwani yako. Nikaurudisha pale pale, nikaupiga, ukaingia. Mapigo manne. Wewe ukaandika matano. Nikakataa. Tulipofika klabuni kwenye meza ya kukabidhi kadi ukagoma kusaini yangu, ukasema mbele ya watu wote, hadi wa jikoni walitoka wakasimama mlangoni: "Huyu ni mtoto wa dada yangu, lakini mwizi ni mwizi."

Ndani ya bahasha nimekuwekea nakala ya ukurasa wa kitabu cha kanuni. Lile pigo la adhabu lilikuwepo enzi zenu. Limefutwa miaka kadhaa sasa. Mpira ukisogea kwa bahati mbaya kwenye nyasi za shimo, unaurudisha na kuendelea, basi. Usome, kisha uwaandikie kamati mstari mmoja kwamba ulikosea. Sitaki zaidi ya hapo.

Mpwa wako


3 Machi

Chiriku,

Marahaba. Naona bado unalitendea haki jina lako. Mgongo wangu unaendelea na shughuli zake. Mfereji bado, fundi alikuja, akauangalia sana, akaondoka na ngazi yangu. Mama yako hajambo. Goti linamsumbua kidogo, lakini cherehani anaikalia kama kawaida. Namsalimia kila asubuhi ninapokwenda kuchukua gazeti, naye anaitika.

Nimeuona ukurasa wako. Nimekaa mahakamani miaka thelathini na mbili, nimeshika nakala za kila aina, hata cheti cha kifo cha mtu aliyekuwa amekaa benchi la mbele anatafuna karanga. Karatasi haijawahi kunitisha.

Sasa nikuulize, nani alikufundisha kushika fimbo? Ni nani aliyekutoa kwenye uwanja wa vumbi wa shule ukiwa na miaka kumi na miwili, akakufunga kamba za viatu, akakuonyesha mahali pa kuweka miguu? Kanuni nilikupa mimi, na mimi nilipewa na watu waliokuwa wakicheza hujazaliwa. Leo unanitumia karatasi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na lawama naichukua: nilikulea kwa kukusifia.

Kamati ilikaa siku ile ile. Watu watano wenye akili timamu walinyoosha mikono mitano. Shauri limekwisha. Hapa kila mtu anajua kwamba ukiugusa mpira unalipa. Hata mfamasia mwenzetu wa kamati anajua, na yule hajui hata kuhesabu mapigo yake mwenyewe. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Miwani ni kazi nzuri. Ishike.

Mjomba wako


11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Goti la mama nalijua, naongea naye kila Jumapili. Pole kwa ngazi.

Nimeongea pia na mpishi wa klabu. Yule ndiye anayewapelekea chai kwenye chumba cha kamati, na siku ile alikuwa humo ndani na sinia mkononi. Amenieleza mambo ambayo barua yako imeyaruka. Ile meza yenu ina mguu mmoja mfupi, na kitabu cha kanuni ndicho mlichokisukuma chini yake ili isiyumbe. Siku ile hakikutolewa. Mwenyekiti aliuliza, "Jamani, hii kanuni inasemaje?" mkapiga kura. Mjomba, wewe mtu wa mahakama, umewahi kuona wapi watu wanapiga kura kujua sheria imeandika nini?

Na wapiga kura wenyewe nawajua, nimebeba mikoba yao nikiwa mdogo. Daktari wa meno anautafuta mpira wake kwa dakika tano nzima, jicho kwenye saa, wakati siku hizi ni tatu. Mwenye duka la matairi anaamini mpira ukigonga mlingoti wa bendera ameula wa chuya, kwa hiyo hata akiwa sentimita kumi kutoka shimoni anakimbia kuung'oa. Mfamasia anadhani kila mtu ana haki ya kurudia pigo la kwanza la asubuhi, eti la kupasha misuli. Mwenyekiti mwaka juzi alicheza mashimo matatu kwa mpira wa mtu mwingine, na alipoambiwa akamshukuru mwenye mpira. Hao ndio walionipima wakaniona mwizi.

Hayo ningeyameza. Kilichonikaba ni kombe. Mpishi anasema liko kwako, juu ya kabati la vyombo, na jina lako liko kwenye ubao wa washindi kwa herufi za dhahabu. Barua nzima umeniandikia mfereji na ngazi, kombe hukulitaja. Nimezitafuta hesabu za siku ile. Nilikuwa mbele yako, mapigo mawili pungufu. Hata ungenipa hilo pigo lako la adhabu, bado ningekushinda kwa moja. Kwa hiyo adhabu haikukutosha, ikabidi niwe mwizi.

Mshtaki wewe, shahidi wewe, mkono umenyoosha kwenye kura, na aliyeondoka na kombe wewe. Wanakuita Jaji, nawe unaitika, lakini ulikuwa karani. Hukuwahi kuhukumu hata kuku.

Tarehe thelathini Aprili. Nangoja.

Mpwa wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tatu zimepita na posta ya huku haijasikia habari zako. Najua unaipata barua, mama anamwona mpeleka barua akiingia kwako.

Na mama ameniambia kitu kingine. Kila asubuhi unamsalimia, ndiyo. Yeye haitikii, anafunga mlango. Tangu Oktoba dada yako wa tumbo moja hakusemeshi, nawe ukakaa ukaniandikia kwamba anaitika. Ikiwa jambo dogo kama hilo umeweza kuliandika kwa mkono wako bila kutetemeka, sishangai ya kadi.

Klabu ya huku wameniuliza tena. Nimewaambia barua iko njiani. Sasa na mimi nimekuwa mwongo, kwa ajili yako.

Mpwa wako


14 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Mvua zimekuwa nyingi na mfereji sasa umeanguka wenyewe, nimeondokana na fundi. Nililala siku sita na homa ya kifua. Mama yako alimtuma mtoto wa jirani na uji, akamwagiza asiseme umetoka wapi. Niliujua kwa bakuli.

Ulichoandika kuhusu yeye ni kweli. Sikutaka ujue, basi. Mtu mzima ana haki ya kuficha aibu yake.

Nitakuandikia jambo moja na sitalirudia. Pale shimo la kumi na nne sikukuonea. Niliamini unadaiwa pigo, kama nilivyoamini maisha yangu yote. Hata mezani niliamini. Kura ikapigwa, wenzangu wakatoka kwenda kunywa, mimi nikabaki kukusanya karatasi, mazoea ya ukarani. Nikainua meza kwa bega, nikakichomoa kile kitabu. Sijui kwa nini. Labda ni vile ulivyoniangalia. Nikautafuta ukurasa, nikausoma mara tatu kama nilivyokuwa nikisoma hati kabla ya kuipeleka kwa hakimu. Ulikuwa sahihi. Nikakirudisha chini ya mguu, nikajaribu meza kama inayumba, haikuyumba. Nikatoka kupokea kombe.

Unataka kujua kwa nini. Miaka ishirini na tisa nacheza pale. Niliingia kwa kuwabembeleza watu watatu wanisainie fomu, na hadi leo wakiniita Jaji wanakonyezana, unadhani sioni? Kwenye ubao ule daktari wa meno yupo mara nne. Mwenye matairi mara mbili. Mfamasia yupo, Mungu atusamehe sote. Mimi sikuwepo. Halafu wewe, niliyekuingiza kwa mkono wangu, mwaka wako wa tano tu unakwenda kuandikwa. Nilianza kuhesabu tangu shimo la kumi. Kila ulipopiga vizuri watu walinipongeza mimi, "mpwa wako huyo", na mimi nikacheka mpaka mashavu yakauma. Nilikuchukia, mwanangu. Siku ile nilikuchukia.

Haya ni yako na yangu. Ukimaliza kusoma, ichome. Kamati siwaandikii. Nina miaka sitini na tisa, niachie ubao wangu nife nao. Wewe una ishirini na sita, utaandikwa kwenye mbao nyingi. Fimbo zangu zote nitakutumia, pamoja na mkoba wa ngozi. Hilo ndilo ninaloweza.

Mjomba wako


21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa homa.

Barua yako imefika jana. Niliisoma nimesimama dukani, mteja anangoja fremu yake, na mwenye duka akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Sikuichoma. Nakala nimebaki nayo, ile yenye mwandiko wako nimemtumia katibu wa klabu leo asubuhi kwa rejista, nikaomba isomwe mbele ya wanachama. Ulisema maneno ya mdomoni hayana saini. Hii inayo.

Nimeipitia yote nikitafuta mahali ulipoandika samahani. Nimeona fimbo, nimeona ubao, nimeona umri wako na umri wangu. Kama lingekuwepo hilo neno, hata kwenye kona ya karatasi, huenda ningekaa na bahasha siku mbili tatu kabla ya kwenda posta.

Fimbo zako baki nazo.

Mpwa wako


19 Mei

Chiriku,

Umefurahi? Nakuuliza kwa dhati.

Mkutano ulikuwa Jumamosi ya tarehe mbili. Katibu alisimama akasoma barua yangu kuanzia mfereji mpaka mkoba wa ngozi. Sauti yake unaijua, anasoma kama anauza mnadani. Alipofika kwenye mfamasia ukumbi ulicheka. Alipofika kwenye mashavu yangu ukanyamaza, na hapo ndipo ningetaka wacheke. Nilikaa saa ile nzima kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni. Hakuna aliyeuliza mikono mingine minne ilikuwa ya nani. Mwenyekiti alisema alipotoshwa na mtaalamu. Mfamasia, yule yule, alisimama akasema yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi.

Jina langu limefunguliwa kwa bisibisi mbele ya macho yangu. Yamebaki matobo mawili ya skrubu na alama ya vumbi. Kombe walikuja kulichukua nyumbani, watu wawili, kwa gari, kana kwamba ni friji. Mwenyekiti mpya wa kanuni ni mfamasia. Wamenunua kitabu kipya, wamekifungia kwenye kabati la kioo, na ufunguo hauonekani.

Uanachama hawakuninyang'anya. Wamefanya baya zaidi. Nikifika asubuhi na fimbo zangu, kila mtu anakumbuka ana mgeni. Hakuna anayekubali kuandika kadi yangu wala kuniachia yake niiandike. Najipigia mwenyewe mashimo manne matano kule nyuma kwenye miti, halafu narudi nyumbani.

Nilikuandikia kama damu yangu, siku nimetoka kwenye homa. Umeichukua barua ile ukaianika barabarani kama nguo zangu za ndani. Mimi nilikukosea mbele ya klabu moja. Wewe umekwenda kumuuza mzee wa ukoo wako. Sasa mtoto uliyejaa haki niambie: umepata nini?

Mjomba wako


2 Juni

Mjomba,

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima. Mwenye duka ameniongezea siku moja ya mapumziko. Mvua za huku zimekwisha.

Umeuliza nimepata nini, nami nitakujibu kwa sababu umeuliza. Kazi ya kufundisha watoto sikuipata. Barua ya kamati ilifika tarehe tisa Mei, nafasi ikiwa imeshapewa mtu mwingine tangu tarehe moja. Nilikwenda kumwona. Ni kijana mzuri tu, ila anawaambia watoto kwamba mpira ukisogea kwenye nyasi za shimo wanalipa pigo. Nilimsahihisha, akasema huku kila mtu anajua hivyo. Barua yenyewe ya kamati inazungumzia "dosari ya utaratibu". Imesainiwa na mfamasia.

Kwa hiyo ukipenda kucheka, cheka.

Lakini mama alikuja kunitembelea wiki iliyopita, mara ya kwanza tangu nihamie. Alikaa kitandani kwangu, nikamsugua goti, akanieleza jambo ambalo Jumapili zote hizo kwenye simu alilimeza. Ulipotamka neno lile klabuni halikuishia klabuni. Wake wa wenzako ndio wateja wake. Tangu Oktoba walianza kuja na tepu zao. Wanapima kitambaa kabla ya kumwachia, na nguo ikiisha wanasimama pale pale mbele ya cherehani wanadai vipande vilivyobaki, wanavipima navyo. Mmoja alimwambia usoni kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwanamke aliyeshona miaka thelathini, ambaye hata kitufe kikidondoka anakifunga kwenye karatasi akurudishie. Wengi wakaacha kuja kabisa. Kipindi cha Desemba alikuwa na nguo mbili tu za kushona.

Wiki ile baada ya mkutano wamerudi wanne. Hawakuomba radhi, lakini hawakuja na tepu. Mama alinieleza hivyo huku anacheka na machozi yanamtoka, akaniuliza nilifanyaje. Sikumwambia kuhusu barua yako. Nilimwambia kamati waligundua wenyewe.

Hicho ndicho nilichopata. Sasa na mimi nikuulize. Mlango wako unatazamana na wake, na hatua zake hazifiki kumi. Wale wanawake na tepu zao walikuwa wanapita dirishani kwako. Jioni ile ulipokirudisha kitabu chini ya meza ulijua dada yako hakuzaa mwizi. Novemba ulijua. Desemba ulijua, ukamwona amekaa mbele ya cherehani iliyonyamaza. Na kila asubuhi ukavuka, ukamsalimia, ukaenda kuchukua gazeti.

Ya kwangu nimeyamaliza, hunidai sikudai. Nenda kwa mama. Usiende akiwa peke yake. Nenda saa nne, wateja wakiwa wamekaa, umwambie mwanawe hakuiba. Sema kwa sauti ile ile uliyoitumia siku ile klabuni. Ukishafanya hivyo, yeye ataniambia. Wewe usiniandikie.

Mtoto wa dada yako